Tumbo Halisemi Uongo

"Ifahamike kwa wananchi wote wa Bonde la Lwifa, walio macho na wanaosinzia, ya kwamba leo, mbele ya kadamnasi hii tukufu, Shule ya Bweni ya Lwifa inamkabidhi Mama Tusekile ndama jike ambaye utumbo wake ni safi kuliko dhamiri ya mtu yeyote aliyesimama hapa!"

Aliyetangaza hayo alikuwa Subilaga Mwaipaja wa kidato cha tatu, amesimama juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, mkono mmoja kifuani kama mtu anayekula kiapo cha uwaziri. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwomba aandike maneno machache yenye heshima. Heshima aliiweka. Uchache ulimshinda.

Nyuma yake, ndama mwenyewe, jina lake Kidosho, aliinua mkia akatoa hotuba yake. Haikuwa fupi. Ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, na ilitua yote juu ya viatu vipya vya Mwalimu Mkuu Mwambungu.

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Subilaga, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliinua mkono akatuliza umati. "Mheshimiwa ndama ameunga mkono hoja," alisema, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu Mkuu hakucheka, wala hakukasirika. Aliinama, akagusa mkanda uliokuwa shingoni mwa ndama. "Tusibishane na macho," alisema. "Tumuulize Mlinzi."

Mlinzi alikuwa kidonge kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Kila ndama wa Lwifa alimezeshwa chake pamoja na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, na kidonge kile kikajishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kukaa humo maisha yote, kikichungulia kila kinachopita. Kikimtambua adui, minyoo au koksidia au mdudu mwingine yeyote wa tumboni, kilimtonea dawa pale pale, tone kwa tone, kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kufunga buti. Kwa ajili hiyo maduka ya bonde yalikuwa yameacha kuuza dawa za kunywesha mifugo. Nani anunue mwavuli wakati paa halivuji?

Sauti ya kike, tulivu, ikatoka kwenye mkanda. "Nimeona chavua kiasi. Hakuna mdudu. Tumbo ni shwari."

"Tumbo halisemi uongo!" uliitikia umati, kama watu wanaojibu sala.

Mama Tusekile alikuja mbele kuipokea kamba. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa kitenge cha sherehe na buti za mpira, kwa kuwa hakuona sababu ya kuchagua kimoja. Alikuwa amengoja zamu yake katika mzunguko wa ndama tangu bintiye Tusekile akiwa mgongoni, na sasa Tusekile alikuwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Desturi ya mzunguko ilikuwa moja: unapewa ndama jike, unamlea, akizaa jike wa kwanza unampa jirani. Atakayeshindwa kumlea anamrudisha, na jina lake haliitwi tena.

"Ndaga fijo," Mama Tusekile alishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akamshika Subilaga mashavu kwa mikono yote miwili mbele ya shule nzima. "Wewe ndiye uliyemlea mwanangu huyu? Mungu akutunze, binti yangu."

Subilaga aliinama kwa madaha. Lakini yale mashavu, baada ya kuachiwa, yalibaki yanawaka kwa muda.

*

Hakuna anayezaliwa na elimu, hata kidonge. Mlinzi alijua yale aliyofundishwa tu. Akikutana na kitu asichokitambua, alimwuliza mlezi wa ndama kupitia kioo kidogo cha mkandani: "Nimeona hiki. Ni nini?" Hapo mlezi alitakiwa achukue kinyesi, akikoroge kwenye maji ya chumvi, angoje vilivyo vyepesi vielee, aweke tone chini ya hadubini, atazame, ndipo ajibu. Jibu lake halikuishia hapo. Siku ya josho, ng'ombe wa bonde zima walipopangana foleni kuoshwa kupe, mikanda ilinong'onezana, na alichofundishwa Mlinzi mmoja asubuhi, jioni walikijua wote.

Ulikuwa mpango mzuri. Waliouunda walikuwa watu wazima wenye busara, na walidhani kila atakayeulizwa swali atakuwa mtu mzima mwenye busara. Inaelekea hawakuwahi kulala bweni.

Miezi michache kabla ya sherehe ile, Mlinzi wa Kidosho alimwuliza Subilaga swali. Kwenye kioo palikuwa na vijiyai vya mviringo, vyenye ukuta mwembamba, vimetulia kama watu wasio na hatia. Subilaga alikuwa amesimama mlangoni pa banda, ndoo mkononi, mguu mmoja tayari nje.

"Chavua," alisema.

"Una uhakika?" aliuliza Mlinzi, ambaye alifundishwa adabu.

"Chavua ya parachichi, mheshimiwa. Andika, funga kikao."

Mlinzi akaandika. Na kwa kuwa mzaha mzuri haufi njaa, kesho yake ulirudiwa. Kila kidonge kilipouliza, wanafunzi wenzake walikusanyika nje ya banda kumsikiliza Subilaga akijibu: chavua ya kifalme, chavua iliyobarikiwa na maaskofu watatu, chavua ya kata na tarafa. Mlinzi alichuja mbwembwe akabaki na neno moja. Baada ya muda hakuuliza tena. Alikuwa ameelimika.

Zaidi ya hapo, bweni ambalo ndama wake alisomeka shwari liliepushwa kusugua mabanda siku za Jumamosi. Bweni la Subilaga lilikaa muhula mzima likianua nguo na kusuka nywele. Kidosho aliharisha kidogo, akapona kidogo, akaharisha tena. Subilaga alijiambia kwamba ndama ni ndama. Nani aliumizwa na mzaha uliosimuliwa kwa utumbo?

*

Baada ya sherehe mvua ilinyesha kama bomba lililosahaulika bila kufungwa. Mlima Rungwe ulitoweka ndani ya ukungu, maranda ya mabandani yakalowa yakawa tope, na siku ya josho ikapita katikati ya hayo yote, ng'ombe wakisukumana, mikanda ikinong'onezana.

Habari zilifika wakati wa uji wa asubuhi. Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya bwalo akiwa na uso wa mazishi.

"Mtakumbuka ndama tuliyempa Mama Tusekile. Anaharisha damu. Amekonda, hasimami vizuri. Kamati ya Bonde inayosimamia mzunguko imekwenda ikamwuliza Mlinzi, na Mlinzi amesema tumbo ni shwari, hakuna mdudu. Kwa hiyo kilichobaki ni kimoja. Mama yule amemlisha pumba zilizooza." Alitikisa kichwa. "Anakataa. Analia, anasema ndama anakula kabla yake. Lakini tumbo halisemi uongo."

"Tumbo halisemi uongo," liliitikia bwalo, midomo ikiwa na uji.

"Jumamosi, pale joshoni, Kamati itamtoa kwenye mzunguko. Subilaga!"

"Naam, Mwalimu."

"Wewe una kipaji cha matangazo. Utaandika tangazo hilo na kulisoma. Safari hii bila vichekesho."

Subilaga aliweka kikombe cha uji chini. Wasichana wa meza yake walimsukuma kwa viwiko, wakimpongeza. Alitabasamu, maana uso wake ulikuwa umezoea kazi hiyo hata wakati mwenyewe hayupo.

Tupokigwe ndiye peke yake ambaye hakumsukuma. Huyo alikuwa rafiki yake tangu kidato cha kwanza, msichana mpole, mwenye miwani, aliyekuwa anatazama kila kitu mara mbili hata chai. Baada ya vipindi alimshika Subilaga mkono akampeleka maabara, akafunga mlango.

"Tazama," alisema, akimsogezea hadubini.

Subilaga alitazama. Vijiyai vya mviringo, vyenye ukuta mwembamba, vimejaa kama mtama kwenye ungo.

"Hiki ni kinyesi cha ndama wangu, Chapati," Tupokigwe alisema. "Ameanza kuharisha jana. Mlinzi wake ananiambia chavua. Nani alimfundisha chavua, Subi?"

"Maumbile yana siri nyingi, ndugu mpelelezi."

"Subi."

"Yapo mambo ambayo sayansi..."

"Subi, acha! Hii ni koksidia. Inaingia kwenye ukuta wa utumbo, inazaana humo, inaupasua. Ndama anakufa anajikamua na hakuna kinachotoka ila damu. Na Mlinzi anaitazama hivi hivi, dawa anayo, haitoi, kwa sababu wewe ulimwambia ni unga wa maua."

Subilaga aliendelea kutazama kwenye hadubini ingawa hakuona kitu tena. Macho yalikuwa yamejaa maji, na hakutaka kuyainua.

"Nitamwambia Mkuu," alisema hatimaye.

Alitegemea kukumbatiwa. Badala yake Tupokigwe alivua miwani akaanza kuifuta kwa sketi, akaifuta mpaka ikawa haina cha kufutwa.

"Unajua sheria? Shule ikionekana imetoa jibu moja la uongo, majibu yetu yote yanafutwa. Yote, ya kila mwanafunzi. Mlinzi atasahau kila tulichomfundisha."

"Basi afundishwe upya."

"Na ule mnyoo wa Ngulilo?"

Hapo Subilaga alielewa. Mwaka uliopita ndama wa kijiji cha Ngulilo, kule juu, walikuwa wanakufa kwa mnyoo mwembamba kama uzi ambao Walinzi hawakuutambua. Tupokigwe ndiye aliyeupata. Alikesha na hadubini likizo nzima wakati wenzake wako kwao wanakula ndizi, akajibu swali la Mlinzi kwa usahihi, na tangu josho lililofuata Ngulilo haikuzika ndama.

"Ukisema, Walinzi wa Ngulilo watausahau," alisema Tupokigwe kwa sauti ndogo. "Na mvua hizi. Usiposema, tunaweza kumrekebisha taratibu. Kila akiona vijiyai hivi tumwambie koksidia, koksidia, koksidia. Atageuka. Itachukua muda, lakini atageuka, na hakuna atakayejua."

"Na Mama Tusekile?"

Tupokigwe alivaa miwani. Akaifunika hadubini. Alikuwa msichana mwaminifu, na lile lilikuwa jambo la kwanza lisilo la uaminifu alilowahi kumwomba mtu. Lilimkaa vibaya usoni, kama nguo ya kuazima.

*

Subilaga alifanya kile wanachofanya watu wasioweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Alikwenda pembeni. Ijumaa alasiri, wakati wa michezo, aliruka ua akiwa na sukari ya wenzake kwenye mfuko mmoja, chumvi ya jikoni kwenye mwingine, na chupa kubwa ya maji yaliyochemshwa ndani ya sweta. Tangazo la Jumamosi lilikuwa bado halina hata neno. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalikuwa yamemkimbia.

Nyumba ya Mama Tusekile ilikuwa chini ya migomba, na banda la ndama lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha kulala, ili mwenye nyumba asikie usiku. Kidosho alikuwa amelala ubavu juu ya gunia. Nyuma yake palikuwa pameloa damu. Macho yalikuwa yamezama ndani, na kila baada ya muda mwili wote ulijikaza, mkia ukainuka, kisha ukaanguka bila kitu.

Karibu yake, amefungwa kwa kamba fupi, alikuwepo ndama mwingine mdogo, mweusi, mwenye afya, akimlamba mwenzake sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani? Aa, binti yangu!" Mama Tusekile alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amepungua kwa kiasi kile kile alichopungua ndama. "Umemfuata mwanao. Mimi nilisema, aliyemlea hataacha kuja. Wengine wanapita njia ya juu siku hizi ili wasinisalimie."

"Nimeleta maji, mama. Ya chumvi na sukari. Anywe kidogo kidogo, atapata nguvu."

"Mungu akubariki."

Wakapiga magoti pamoja. Subilaga aliinua kichwa cha Kidosho akakiweka mapajani, akaingiza mdomo wa chupa pembeni mwa ulimi. Ndama alimeza. Alimeza tena. Mama Tusekile alicheka kwa furaha kama mtu aliyesikia mlango wa gereza ukifunguliwa, na kicheko kile kilimwumiza Subilaga kuliko kilio. Akaanza kusema haraka haraka, kama kawaida yake alipotaka kuziba shimo.

"Haya maranda yaliyolowa uyatoe, mama, uyachome. Umhamishie pakavu. Na huyu mweusi, wa nani?"

"Wa jirani. Kamleta amtulize mwenzake, maana analia akiwa peke yake."

"Mrudishe leo hii. Asinywe ndoo moja na Kidosho, asilale alipolala, asimlambe. Hata buti zako uzioshe kabla ya..."

Alinyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

Mama Tusekile hakuwa amesoma hadubini wala utumbo. Alikuwa tu na masikio, na kwa wiki nzima masikio yale yalikuwa yamejazwa maneno ya Kamati. Alimtazama Subilaga kwa utulivu, bado amepiga magoti.

"Kwa nini?"

"Ili... ni usafi tu, mama."

"Ndama wangu kalishwa pumba zilizooza. Ndivyo walivyosema. Mwalimu wako alikuwepo, alisema hivyo mbele ya mkwe wangu." Alinyoosha kidole kwa ndama mweusi. "Pumba zinaambukiza?"

Subilaga alifungua mdomo. Kulikuwa na majibu mengi humo, kumi kwa kila swali, yenye vicheko vyake tayari. Alitafuta moja. Kidosho alijikaza mapajani mwake, akatetemeka, akalegea.

"Haziambukizi, mama."

"Basi unajua anachoumwa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Anachoumwa nimekijua juzi. Kwamba sikutazama, nilijua tangu mwanzo." Sauti yake ilitoka nyembamba, sauti ambayo hakuna mwanafunzi wa Lwifa aliyewahi kuisikia. "Ana mdudu wa utumbo. Alikuwa naye nilipokukabidhi kamba. Mlinzi alimwona, akaniuliza mimi ni nini. Nikamwambia chavua. Akaniuliza mara nyingi, na kila mara nilimwambia chavua, wenzangu wakacheka. Sasa Walinzi wote wanasema chavua. Hukumlisha kitu kibaya, mama. Ni mimi."

Mama Tusekile alikaa chini kabisa, kwenye tope, na kitenge chake. Subilaga alijaribu tena kuingiza mdomo wa chupa. Maji yaliingia upande mmoja yakatoka upande wa pili, yakamlowesha sketi.

"Na nikisema," aliendelea, kwa kuwa ukweli ukishaanza hutoka kama hotuba ya Kidosho siku ya sherehe, "watafuta majibu yote ya shule. Na ya rafiki yangu, ambaye alijibu kweli. Ndama wa Ngulilo watabaki bila ulinzi wa ule mnyoo wao. Kwa hiyo nilifikiri... niliona labda nikinyamaza..."

"Ngulilo wana macho?"

"Mama?"

"Watu wa Ngulilo. Wana macho?"

"Wanayo."

"Wakiambiwa, watakesha na ndama wao, watawatazama. Wasipoambiwa watalala, wakitegemea kitu ulichokidanganya. Usiwachagulie wewe." Alisema bila ukali, naye Subilaga angeona afadhali ukali. Kisha mama yule aliweka kiganja chake mbele ya pua ya Kidosho, akakiacha hapo, akingoja pumzi ambayo haikuja. Alikirudisha polepole akakifuta kwenye goti, ingawa hakikuwa na kitu.

Ndama mweusi alivuta kamba yake, akataka kumfikia mwenzake. Mama Tusekile alisimama, akamfungua, akamfunga mbali, kwenye mgomba wa nje. Aliporudi alibaki amesimama.

"Nataka kujua jambo moja. Ile siku ya kwanza. Alipokuuliza, ulikuwa na nini cha haraka hata usitazame?"

Subilaga alitafuta sababu kubwa. Mtihani. Ugonjwa. Simu kutoka nyumbani. Kitu chenye uzito walau wa kichwa kilichokuwa mapajani mwake. Hakikuwepo.

"Wali," alisema. "Ilikuwa Jumapili, mama. Foleni ya wali ilikuwa imeshaanza, na wa mwisho hupata ukoko. Nilitaka kuwahi."

Mama Tusekile alimtazama. Akaingia ndani, akatoka na sweta na tochi, akafunga mlango wa jikoni kwa kamba.

"Inuka. Tunakwenda kwa mwalimu wako, halafu kwa Kamati, halafu Ngulilo, hata kama usiku utatukuta njiani. Utawaambia wote kama ulivyoniambia mimi." Alimshika mkono kumwinua kutoka chini ya ule mzigo. "Na hilo la wali usiliruke."